Bao la Safari: Mchezo, Msamiati na Njia Kuu ya Tunduma

1.0 Utangulizi



Mada niliyoichagua ni ndogo kwa umbo. Ninakusudia kuzungumzia bao la safari, yaani bao dogo linalotengenezwa kwa mkono ili liingie mkobani na kuchezwa njiani. Pengine wapo watakaouliza mwanaisimu ana shughuli gani na kazi ya mikasi, gundi na vizibo vya soda. Jibu langu ni kwamba kila mchezo una lugha yake, na lugha hiyo hujengwa juu ya kitu kinachoshikika. Kitu kinapobadilishwa umbo, maneno yake nayo huguswa. Yapo yanayopata kazi mpya, na yapo yanayobaki bila cha kutaja.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni Tunduma na eneo lote ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Mkoa huo uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Hapa hupita barabara kuu na reli zinazounganisha Dar es Salaam na Zambia. Hapa pia, kama nitakavyoonyesha, hukutana maeneo mawili ya majina ya mchezo mmoja. Atakaye kujua jinsi bao lilivyosafiri, na jinsi linavyoweza kuendelea kusafiri bila kupoteza lugha yake, ana mengi ya kujifunza mpakani.

Hoja yangu ya msingi ni hii: kwa muda mrefu bao lilisafiri bila ubao. Kilichobebwa ni hesabu, kanuni na maneno. Bao la kubebeka ni zao la njia za karne ya 20, na ubora wake usipimwe kwa udogo wala kwa uzuri wa mti wake. Upimwe kwa idadi ya maneno ya bao ambayo bado yanaweza kutumika juu yake.

2.0 Ubao, bao na kibao

Tuanze na jina. Neno ubao lina wingi wake, mbao. Tukiliondolea kiambishi u- na kuliweka katika ngeli ya JI-MA, tunapata bao, wingi wake mabao. Wanafunzi wa mofolojia wanafahamu kwamba ngeli hiyo, pamoja na kazi zake nyingine, huonyesha ukubwa. Bao, kwa hiyo, ni ubao uliokuzwa. Tukitaka kuudunisha tunatumia KI-VI, nao unakuwa kibao.

Hapo ndipo mtengenezaji wa bao dogo anapokutana na tatizo la jina. Kwa kanuni ya sarufi, bao lililopunguzwa lingefaa kuitwa kibao. Lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa. Kibao ni alama ya barabarani, ni kofi la shavuni, ni wimbo uliovuma, ni kifaa cha kusukumia chapati, na watu wakijaa uwanjani tunasema wamekuja watu kibao. Umbo kijibao lipo, ila kiambishi kiji- kina harufu ya dharau. Bao nalo lina maana zaidi ya moja: kuna bao la ramli, na kuna bao linalofungwa kwenye mpira wa miguu. Ndiyo maana wasemaji huepuka udunishi na kutumia maelezo: bao dogo, bao la kukunja, bao la safari. Mimi nimelichagua hili la mwisho, kwa sababu itakayoonekana katika sehemu ya tano.

Ikumbukwe kwamba ukubwa unaobebwa na neno bao hauishii kwenye vipimo vya mti. Bao ni la baraza. Huchezwa na wawili lakini huzungukwa na wengi, na watazamaji huhesabu, hubishana na hutaniana kwa sauti. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kuupenda mchezo huu, na aliucheza na wazee wenzake kijijini Butiama. Kulipunguza bao, basi, ni kugusa pia idadi ya macho yanayoweza kulitazama.

3.0 Mashimo ya ardhini

Wageni waliandika juu ya michezo ya jamii hii tangu zamani. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa makazi ya Wafaransa huko Madagaska, aliutaja mchezo wa aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1658. Thomas Hyde wa Oxford aliieleza michezo ya mankala katika kitabu cha mwaka 1694. Mwishoni mwa karne ya 19 Stewart Culin wa Marekani aliuita mankala mchezo wa taifa wa Afrika. Kwa upande wa wenyeji, Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, aliliingiza bao katika ushairi wake. Jambo hilo linatosha kuonyesha kwamba wakati huo bao lilikwisha kuwa mali ya lugha, si ya mikono peke yake. Katika karne ya 20, W. H. Ingrams alilieleza katika kitabu chake juu ya Zanzibar cha mwaka 1931. Philip Townshend alilichambua kwa mtazamo wa kianthropolojia mwaka 1982, na Alexander de Voogt aliandika tasnifu ya uzamivu juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, iliyotolewa mwaka 1995.

Kazi hizi ni muhimu. Hata hivyo, makavazi huhifadhi mbao, na mashimo yaliyochimbwa mchangani hayahifadhiwi popote. Atakayefuata historia ya bao kwa kuhesabu mbao zilizobaki atadhani kwamba mchezo ulikuwepo pale tu ulipokuwepo mti uliochongwa. Hapo ndipo isimu historia inapotoa msaada.

Tazama majina. Wanyarwanda husema igisoro. Wasukuma husema isolo. Waluba wa Kongo husema kisolo. Nchini Zambia tunakuta nsolo na chisolo, na Washona wa Zimbabwe husema tsoro. Kutoka Rwanda hadi Zimbabwe kuna ukanda wa majina yenye shina moja, -solo au -soro. Ufanano wa namna hiyo, katika lugha zilizotengana kwa masafa makubwa hivyo, ni vigumu kuuita sadfa. Unaashiria kwamba michezo ya kusia kete mashimoni ilikuwepo bara, pamoja na jina lake, kabla ya misafara ya biashara ya karne ya 19.

Sasa tazama Malawi. Huko mchezo unaitwa bawo. Una mistari minne ya mashimo manane manane, kama bao la pwani, na una nyumba, kama bao la pwani. Katika Kichewa ubao wa mti ni thabwa. Neno bawo halina ndugu wa karibu wa maana hiyo ndani ya lugha hiyo, ilhali katika Kiswahili uhusiano wa ubao na bao uko wazi kwa kila msemaji. Aidha, kipande w kilichoingia kati ya irabu mbili ni mbinu ya kawaida ya lugha inayokopa na kuepuka mfuatano wa irabu. Kwa mantiki hiyo, mwelekeo wa mkopo ni kutoka Kiswahili kwenda Kichewa.

Njia ya mkopo huo inajulikana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walijenga vituo kandokando ya Ziwa Nyasa. Nkhotakota palikuwa na utawala wa akina Jumbe. Karibu na Karonga alikuwepo Mlozi, aliyepigana na Kampuni ya Maziwa ya Waingereza tangu mwaka 1887 na kunyongwa mwaka 1895. Kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika, Waingereza walianza mwaka 1881 kujenga njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kupita katika nyanda zilizo jirani na Tunduma ya leo. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliitaja barabara hiyo ulipogawa maeneo. Kwa hiyo mpaka tunaouona leo kati ya Tunduma na Nakonde umezaliwa jirani na njia.

Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, takriban kilo 32. Mtu wa namna hiyo hangeongeza gogo lililochongwa mashimo 32. Wala hakuwa na haja nalo. Msafara ulipotua, vidole vilitosha kufukua mistari minne ya mashimo manane, na kete zilipatikana hapo hapo. Pwani, kete bora ni komwe, mbegu ngumu za mkomwe zenye rangi ya kijivu. Bara, kokoto na mbegu nyingine zilifanya kazi hiyo. Asubuhi msafara uliondoka, na mashimo yalibaki kufukiwa na upepo. Kilichoendelea na safari ni kumbukumbu ya hesabu: mashimo 32, kete 64, kumi mezani na 22 mkononi mwa kila mchezaji.

Eneo la Songwe limo ndani ya makutano haya. Kaskazini na magharibi yake umetanda ukanda wa -solo. Kusini mashariki kuna bawo. Na kutoka mashariki Kiswahili kimeingia na bao. Waliosafiri hawakuwaletea watu wa bara wazo la kusia kete, maana wazo hilo lilikuwepo. Walileta aina mahususi ya mchezo, yenye nyumba na yenye awamu mbili, pamoja na istilahi zake.

4.0 Reli, lami na drafti

Hali ya njia ilibadilika katika karne ya 20. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo huvuka mpaka hapo Tunduma. Barabara ya lami ilifuata mwelekeo huo huo. Tunduma ikakua kutoka kituo cha mpakani hadi kuwa mji wa malori, maghala, wabadilishaji fedha na wasafiri wanaosubiri. Foleni za malori zilijulikana kwa miaka mingi, na ilikuwa sehemu ya sababu za kujenga kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019.

Kusubiri ni rafiki wa michezo. Lakini sakafu ya behewa haifukuliki, wala lami, wala saruji ya maegesho. Msafiri wa karne ya 19 alikuwa na udongo chini ya miguu yake popote alipotua. Msafiri wa karne ya 20 aliupoteza. Kwa mara ya kwanza, anayetaka kucheza bao njiani alilazimika kubeba mashimo yenyewe.

Mchezo ulionufaika na hali hii ni drafti. Katika vijiwe vya miji mingi ya Tanzania utaona kipande cha ubao au cha boksi kilichochorwa miraba 64, na vizibo 24 vya soda, 12 vimefunuliwa na 12 vimefunikwa. Drafti ni mchezo wa bapa. Huhitaji kalamu, rula na chupa zilizokwisha kunywewa. Bao linadai kina, na kina hakichoreki.

Tatizo la kuubeba mchezo limewasumbua watu wengine pia. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1840, daktari Peter Mark Roget alibuni ubao wa sataranji wa kutia mfukoni. Wanaisimu tunamfahamu zaidi kwa kamusi yake ya visawe ya mwaka 1852. Nafurahi kuona kwamba mtu aliyepanga maneno kwa maana zake ndiye aliyefikiria jinsi ya kupanga vipande vya mchezo ndani ya koti. Hata hivyo, tatizo lake halikuwa letu. Vipande vya sataranji vinatofautiana kwa sura na husimama juu ya ubao bapa, hivyo shida ni kuvizuia visianguke. Kete za bao zote ni sawa, na shimo lenyewe huzishika. Zaidi ya hayo, kete inayoliwa katika bao haitoki mchezoni. Husiwa upya upande wa aliyeila. Kete ni 64 mwanzo na 64 mwisho. Kwa maumbile yake, basi, bao linafaa safari kuliko sataranji, ilmradi kina kipatikane.

5.0 Utengenezaji na mpaka wa udogo

Nimeweka hapa mezani bao dogo nililolitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la Tunduma au Vwawa. Naomba niwaeleze ujenzi wake, kwa kuwa kila hatua ina swali la lugha ndani yake.

Mashimo 30 kati ya 32 ni vizibo vya soda vilivyogundishwa juu ya boksi gumu, vikitazama juu. Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi. Vinane vikipangwa mstari mmoja huchukua sentimita 26, na mistari minne huchukua sentimita 13. Bao hukunjwa katikati kwa urefu, kati ya mstari wa mbele wa mchezaji mmoja na mstari wa mbele wa mwenzake, na bawaba yake ni utepe wa kitambaa. Likikunjwa lina upana wa sentimita 6.5 na huingia mfukoni mwa koti. Mkunjo huo hupita mahali penye mpaka wa mchezo, kwa hiyo kila nusu inabaki kuwa eneo la mchezaji mmoja.

Mashimo mawili yaliyobaki si vizibo. Ni visanduku vya mraba vilivyokunjwa kwa karatasi ngumu. Hizo ndizo nyumba. Kila mchezaji ana nyumba moja, shimo la nne kutoka kulia kwake katika mstari wa mbele. Mchezo huanza na kete sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia, na nyingine 22 hubaki mkononi. Zikitiwa moja moja, awamu hiyo ni ya namua, kitenzi chenye kiambishi cha kutendua, kama kilivyo fungua kwa funga. Zikiisha mkononi, awamu inayofuata ni ya mtaji, neno ambalo wafanyabiashara wa Tunduma wanalifahamu kwa maana yake nyingine.

Kete zangu ni buni 64 za kahawa ya Mbozi. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, buni ina upande mmoja bapa, hivyo haiviringiki behewa linapotikisika. Pili, ukubwa wake unatambulika kwa ncha za vidole. Jambo hili la pili ndilo linaloweka mpaka wa udogo. Ukitumia ulezi, bao zima litaenea kwenye kiganja, lakini hakuna atakayeweza kulicheza. Mchezaji wa bao huzoa kete za shimo zima kwa mara moja, kisha huziachia moja moja huku akizihesabu kwa kidole gumba bila kuzitazama, kwa maana macho yake yapo mbele, kwenye shimo atakapofikia. Kete isiyohisika haihesabiki. Shimo lisiloingiza vidole vitatu halizoleki. Mkono wa mtu mzima, kwa hiyo, ndio unaoamua bao liwe dogo kiasi gani.

Wengine hutumia trei za mayai, na njia hiyo ni nzuri kwa shule. Ila trei ya kawaida ina mashimo 30, matano kwa sita, na bao linataka 32. Inabidi kukata mistari minne ya sita kutoka trei ya kwanza na mistari minne ya mbili kutoka trei ya pili, kisha kuunganisha. Mwalimu atakayeridhika na trei moja atakuwa amebuni mchezo mwingine.

Safari ikifika mwisho kabla ya mchezo, bao halikunjwi likiwa na kete ndani. Huandikwa. Namba 32 katika mistari minne huhifadhi hali ya mashimo, pamoja na idadi ya kete zilizobaki mikononi na jina la mwenye zamu. Ukijumlisha zote lazima upate 64. Usipopata, umekosea kuandika. Mtu wa Tunduma na mtu wa Nakonde wanaweza kuendelea na mchezo huo wiki inayofuata juu ya bao jingine kabisa, au juu ya mashimo ya mchangani.

6.0 Maneno yanayohitaji shimo

Sasa tufikie suala lililonifanya niichague mada hii. Bao la kukunja limekuwa bidhaa. Katika maduka ya vinyago zinauzwa mbao za kupendeza, nyingine za mninga, nyingine za mpingo. Nyingi miongoni mwake zina mashimo ya mviringo matupu yanayofanana yote, na nyingine zina mistari miwili tu. Mnunuzi huambiwa kwamba hilo ndilo bao.

Tuchunguze kinachotokea katika msamiati pale mraba wa nyumba unapoondolewa. Bao lisilo na nyumba linafaa kwa bao la kujifunza, ambalo huanza kwa kuweka kete mbili mbili katika mashimo yote 32. Hakuna kete inayobaki mkononi, kwa hiyo hakuna namua. Pasipokuwa na nyumba, hakuna pia uamuzi mkubwa unaomkabili mchezaji pale msio wake, baada ya kula, unapoishia ndani ya nyumba yake yenye kete sita au zaidi: ailaze, yaani asimame hapo, au aipeleke safari, yaani azoe kete zote za nyumba na kuendelea. Nyumba ikisafiri hupoteza hadhi yake na kuwa shimo kama mengine. Mraba mmoja ukiondolewa kwa kila upande, maneno manne hukosa makao: namua, nyumba, kulala na safari. Ndiyo sababu nimependelea jina bao la safari. Jina hilo limo tayari ndani ya mchezo, na linamkumbusha mtengenezaji kipi asikisahau.

Neno jingine ni hamna. Lengo la bao ni kuumaliza mstari wa mbele wa mpinzani, au kumfunga asiwe na la kucheza. Mstari wa mbele ukibaki mtupu, wachezaji husema hamna. Wanafunzi wangu wa sintaksia watatambua kwamba hapa lugha imechagua kwa makini. Kiswahili kina hapana kwa mahali bayana, hakuna kwa mahali pasipo bayana, na hamna kwa mahali pa ndani. Wachezaji wa bao hutumia kiambishi cha ndani kwa kuwa shimo lina ndani. Chora duara juu ya karatasi na uweke kete juu yake. Mantiki ya hamna itakuwa imeondoka, hata kama mazoea yatalibakiza neno. Kina cha milimita sita cha kizibo cha soda kinatosha kulirudishia neno hilo haki yake.

Ipo pia hoja ya wanaosema kwamba programu za simu zimekwisha kulitatua tatizo la bao la safari, na kwamba kazi ya gundi ni ya kujisumbua. Programu hizo zina faida: zinafundisha kanuni, na hazikosei hesabu. Lakini ndani yake kifaa ndicho kinachosia kete. Mchezaji hugusa shimo na kutazama. Kuzoa, kuhesabu kwa gumba, na kushika 22 mkononi ni vitendo vilivyokoma, na vitenzi vyake hubaki kuwa majina ya vibonyezo. Zaidi ya hayo, kioo cha simu hutazamwa na mmoja au wawili, ilhali bao la vizibo likiwekwa juu ya kreti katika maegesho ya malori huvuta watu, na watu hao ndio walimu wa msamiati. Hakuna aliyejifunza neno kimbi kutoka kwenye karatasi ya maelezo. Hujifunza kwa kumsikia mzee akimkaripia mchezaji kwa kusahau kwamba kete zikiliwa kwenye kichwa, shimo la mwisho la mstari wa mbele, au kwenye shimo linalolifuata, msio huanzia kwenye kichwa cha upande huo.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, ushahidi wa majina unaturuhusu kutenganisha tabaka mbili za historia: lile la kale la -solo, na lile la bao lililofuata njia za misafara hadi kwenye maziwa. La pili, njia mpya za karne ya 20 ziliwanyima wasafiri udongo, na hivyo kulifanya bao la kubebeka kuwa hitaji. La tatu, bao hilo linaweza kupunguzwa hadi mahali ambapo mkono na maneno vinakubali, na si zaidi.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili kwa wanafunzi. Mosi, kukusanya msamiati wa bao katika njia hii, kituo kwa kituo, kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya, Vwawa na Mpemba hadi Tunduma, kisha kuvuka mpaka hadi Nakonde na kuzunguka hadi Karonga. Waandike neno, waandike kitendo, na wapime shimo. Mabingwa wengi ni watu wazima, na lugha yao haimo kamusini kwa ukamilifu. Pili, anayefundisha bao shuleni au anayelichonga kwa ajili ya kuliuza asiache nyumba. Ni mikato minne ya kisu kwa kila upande. Gharama yake ni ndogo, na kinachookolewa ni nusu ya lugha ya mchezo.

Bao hili dogo litabaki katika maktaba ya idara, pamoja na buni zake 64. Halikutengenezwa ili litazamwe kwenye kabati la vioo. Mwanafunzi atakayesafiri kwenda kufanya utafiti Songwe analikaribia kuliazima, kwa sharti kwamba atakaporudi azihesabu kete, na alete angalau neno moja ambalo sisi hatujaliandika.